Kwa Liwali: shajara ya mahakama ya zamani kugeuka nyumba ya sanaa, Mikindani

Mei 11

Leo kikundi chetu kimekabidhiwa jengo. Funguo za kukabidhiwa hazikuwepo, maana mlango wa mbele hauna kitasa. Tumepewa karatasi, na kufuli tumelinunua wenyewe dukani.

Karatasi ndiyo yenye uzito. Ni mkataba wa miaka kumi na miwili, kodi ndogo ya kila mwaka, na sharti la kutobomoa ukuta wowote wa nje. Mwenyekiti alitaka tuanze kazi tangu Machi kwa ahadi ya mdomo, mimi nikakataa, na siku zile nililaumiwa sana. Niliwakumbusha Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam. Ilianza 1972, na msanii George Lilanga wetu wa Masasi aliingia pale kama mlinzi kabla dunia haijalijua jina lake. Lilanga bado anatajwa, lakini jengo lile leo halipo. Sikutaka tupake chokaa nyumba ambayo mwaka wa pili tutaambiwa tuhame.

Kuhusu Mambo ya Kale tuliuliza pia. Sheria ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyosimama kabla ya 1863, na hili letu kwa hesabu hiyo ni la juzi. Ila Mikindani si mji wa kugusa ukuta bila kubisha hodi.

Vipimo, ili vibaki kwenye kumbukumbu: ukumbi mita 14 kwa 7, vyumba viwili nyuma, lokapu ya mita 2 kwa 3 yenye kidirisha kimoja cha nondo, na baraza mbele. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita. Dari za vyumba vya nyuma zimelazwa boriti za mikoko, ndiyo maana upana wake haufiki mita tatu: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Ukumbi una kenchi za mbao na bati. Bati lenyewe ukilitazama kutoka ndani mchana, utadhani ni anga la usiku lenye nyota.

Mahakama ya mwanzo ilihama hapa zamani, na kabla yake palikuwa baraza la liwali. Wazee hawasemi "mahakama ya zamani". Wanasema "kwa Liwali", na jina hilo tumelichukua lilivyo.

Mei 25

Usafi. Popo wametuachia ndoo 31 za kinyesi, na mama mmoja jirani amezichukua zote kwa ajili ya mchicha wake. Tulifunga vitambaa puani na tukamwagia maji kwanza ili vumbi lisipande. Bado vijana wawili wamekohoa siku nzima, wiki ijayo tununue barakoa.

Ukutani upande wa bahari ulikuwa umeota mkuyu, mzizi wake mnene kama mkono. Kijana mwenye nguvu akaung'oa kwa shangwe, na ukashuka pamoja na karai zima la mawe. Tangu saa hiyo tunakata shina, mzizi tunauacha ufe wenyewe humo humo.

Vilivyopatikana ndani: kizimba cha mbao kikiwa kizima, benchi refu la mninga la kukalia wadaiwa na wadai, na kabati la mafaili yaliyoliwa na mchwa. Mafaili tumeyafunga kwenye magunia na kuyarudisha kwa wenyewe bila kuyasoma. Mji huu ni mdogo, na hukumu ya mwaka wowote lazima ina mjukuu wake kwenye kikundi chetu.

Julai 6

Hili naliandika kwa sababu wajumbe wawili wanataka lisiandikwe.

Ukuta wa upande wa bahari tuliupiga lipu ya saruji. Saruji kwetu haiko mbali, kiwanda kipo Msijute na malori yake yanapita barabarani kwetu kutwa. Fundi tuliyempata alisema kazi ya siku nne, na kweli alimaliza siku ya nne. Ukuta ukawa laini kama yai. Tukapiga picha.

Wiki ya tatu ukaanza kutoa unga mweupe. Ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia bo, bo, kama kibuyu. Juzi kipande cha ukubwa wa mlango kimeanguka chenyewe usiku, na nyuma yake mawe yamelowa, wakati mvua ya mwisho ilinyesha Aprili.

Tulimfuata Babu, fundi wa chokaa aliyeshika mwiko kwenye ukarabati wa Boma mwishoni mwa miaka ya 1990. Boma lile la Wajerumani, la 1895, kila mmoja wetu analiona kutoka nyumbani kwake, na hakuna aliyewahi kujiuliza lipu yake ni ya nini. Alikuja kwa mguu, akauzunguka ukuta mara moja, akauliza, "Nani kauvika huyu koti la mvua?"

Hakuna aliyejibu.

"Ukuta wa chokaa unatoka jasho kama mtu," akasema. "Unanyonya maji chini, unanyonya upepo wa bahari, mchana unayatoa. Ninyi mmeuziba. Sasa maji yatakwenda wapi?"

Ndivyo ilivyo, na mimi niliyesoma mpaka kidato cha sita nimelielewa siku hiyo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe na haipitishi unyevu. Maji yakikwama nyuma yake yanalainisha chokaa iliyoshika mawe. Chumvi iliyomo ndani ya maji inaganda pale pale chini ya lipu, inavimba, na kuisukuma itoke. Kwa hiyo lipu ikianguka haianguki peke yake, inaondoka na ngozi ya ukuta.

Kubandua kumetuchukua siku tano kwa nyundo ndogo na tindo. Tumepoteza mifuko 17 ya saruji, ufundi, na mawe kadhaa. Kwenye kikao mchongaji mmoja alijaribu kutupoza kwa kisa cha mchongaji Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba sanamu yake ilivunjika mkono, akaiendeleza hivyo hivyo, na mtindo wa uchongaji uitwao shetani ukazaliwa. Mweka hazina akamwambia mpingo ukivunjika unabaki mpingo, saruji ikivunjika ni kifusi.

Agizo la Babu: ukuta ukae uchi, upigwe na kusi mpaka ukauke. Chokaa tuizimishe sasa, tuilaze shimoni chini ya maji, na tusiiguse mpaka atakaposema yeye.

Julai 20

Chokaa ipo shimoni. Zamani mafundi wa hapa walichoma mawe ya matumbawe kwenye tanuru la magogo, na Babu anaijua kazi hiyo kuanzia kupanga kuni. Siku hizi matumbawe hayachukuliwi hovyo na mikoko haikatwi hovyo, na tangu 2000 Ghuba ya Mnazi hadi mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Tumenunua chokaa ya mifuko inayotoka Tanga. Mawe yaliyoanguka tutayarudisha yenyewe ukutani.

Agosti 3

Kikao cha wasanii. Nimetoka nimechoka na nimefurahi.

Kijana wetu mmoja anayesoma usanifu wa majengo alituchorea mchoro bure: jukwaa ndani ya ukumbi, viti 120, taa, pazia jekundu. Mchoro mzuri sana. Tuliubandika ukutani tukasubiri kupigiwa makofi.

Kiongozi wa ngoma aliutazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Sindimba humu ndani? Na vumbi lake mtalitoa wapi?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akatuma waletwe wapigaji. Ngoma tatu tu zilipigwa ukumbini, chini ya bati, na kabla ya mzunguko wa pili nusu ya kikao ilikuwa nje imeziba masikio. Sauti inagonga bati, inarudi, inakutana na nyingine njiani. Halafu ngoma inataka moto wa kukanzia ngozi kila baada ya muda, na moto huo utauwasha wapi, kwenye zulia? Tena wachezaji wanakwenda kwa duara na watu wanawazunguka, wakati jukwaa la kwenye mchoro lina upande mmoja tu wa kutazama.

Baada ya hapo kila mtu akapata ulimi. Wachongaji hawakai ndani kamwe: vumbi la mpingo linakera kifua na ngozi, na gogo lenyewe huwa mkwajuni tayari. Wasukaji wa mikeka wanataka baraza asubuhi kabla jua halijageuka, kwa sababu ukili ukikauka sana unakatika. Wafinyanzi wanahitaji mahali pa kuchomea vyungu. Na bibi mmoja, wa ngoma za wanawake, alisema yeye hapiti mlango ule hata pakipakwa dhahabu. Hakueleza. Tulimwelewa, au tulidhani tumemwelewa.

Waliotaka ndani ni vijana wa muziki peke yao, tena hawakutaka ukumbi, walitaka lokapu. Kuta nusu mita, dirisha moja dogo, bodaboda zikipita huzisikii. Mmoja akasema ni mara ya kwanza katika ukoo wao mtu kuomba aingizwe lokapu. Tumewapa. Ndani watatundika mikeka ukutani ili sauti isirukeruke, na wasukaji wamekwishapata oda yao ya kwanza.

Uamuzi: fungu la jukwaa na viti linahamia uwanjani. Ukumbi utabaki wa maonyesho ya sanamu na picha, mafunzo na mikutano. Kijana wa mchoro alinyamaza wakati wote, ila jioni alinifuata kuuliza uwanja una mita ngapi.

Septemba 14

Hakuna kilichofanyika. Msimu wa korosho umefunguka, mafundi wako mashambani.

Oktoba 19

Bado korosho, lakini sasa kwa faida yetu. Kijana mmoja alipendekeza kila kaya itoe kilo mbili za korosho, tuzikusanye ukumbini, tuziuze. Wazo la moyo safi, ila mweka hazina aliruka kama kakanyaga siafu: korosho ghafi inapita chama cha msingi na ghalani, ikishauzwa pembeni ni kangomba, na sisi tunahifadhi kangomba ndani ya mahakama! Tumekubaliana kila mtu auze zake kama kawaida, na malipo ya mnada yakiingia alete thamani ya kilo mbili. Daftari liko kwa mweka hazina.

Novemba 9

Zimepatikana shilingi 1,870,000. Waliotoa ni wengi kuliko waliopo kwenye kikundi, na wapo ambao sijawahi kuwaona kwenye kikao hata kimoja. Mzee mmoja alileta ya kilo tano akasema ni faini aliyobaki nayo. Sikuuliza ya mwaka gani.

Mabati 84 ya geji 28 kwa 36,000 ni 3,024,000. Pengo la 1,154,000 tumelitoa kwenye fungu la viti.

Novemba 23

Paa la ukumbi limekamilika, siku mbili kabla ya wingu la kwanza. Kenchi saba kati ya tisa zilikuwa nzima. Mbili zililiwa na mchwa zilipoingia ukutani, tumezibadilisha.

Tulibishana kuhusu mikanda ya chuma ya kufungia kenchi ukutani. Wengine waliiona ni anasa. Mimi nakumbuka Aprili 25, 2019, tulipoambiwa Kenneth anakuja, watu wamebeba magodoro na watoto wanatafuta penye usalama. Kimbunga kikageukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na sisi tukabaki na upepo. Wazee wa Lindi nao wana chao cha Aprili 1952, ambacho hakikugeuka. Mikanda imewekwa kila kenchi, misumari yote ni ya kofia yenye mpira.

Ukuta wa bahari bado uko uchi. Babu amekataa lipu isipigwe mvua zikiwa mlangoni, kwa kuwa chokaa mbichi ikipigwa na mvua kubwa inaoshwa. Tumeutundikia makuti kama pazia. Wapita njia wanauliza kama tunajenga banda la kuku.

Desemba 21

Mvua, na paa halivuji. Naandika tena kwa raha: halivuji.

Lokapu ndiyo imetuaibisha. Unyevu umepanda kutoka sakafuni, mikeka imeota ukungu, na maikrofoni ya mkopo imekufa. Tumetoboa tundu la hewa pale palipokuwa na bomba zamani na kuinua vifaa vyote juu ya meza. Maikrofoni tutailipa.

Wapigaji ngoma nao hawapatikani. Shule zimefungwa, huko vijijini ni jando na unyago, na wao ndio wanaohitajika. Kikundi kinachotaka wasanii wa kweli kijue kalenda yao si ya ofisini.

Februari 8

Uwanja. Hapa ndipo mahali ninapopenda kuandika habari zake.

Tumesawazisha duara la mita 18 bila kumwaga zege. Kiongozi wa ngoma alishika jembe mwenyewe: udongo mwekundu, maji, kushindilia kwa mti, kisha mchanga kidogo juu. Pembeni tumejenga jiko dogo la mawe la kukanzia ngoma, kwa upande ambao moshi hauendi kwa watu, kaskazi ivume au kusi. Kulipata eneo hilo tuliwasha moto mara nne siku tofauti na kumtazama mtoto aliyekaa kwenye kiti akipangusa macho.

Kibanda cha wachongaji kipo chini ya mkwaju. Kilitakiwa kuezekwa makuti, na kwa kupendeza makuti yangependeza. Lakini ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo ulioezekwa makuti uliungua 2002, na sisi tuna moto wa ngoma hatua ishirini kutoka hapo, na wa vyungu nyuma. Tumetumia mabati ya zamani yaliyo mazima na kuyapaka rangi nyeupe ili yasichome sana.

Wachongaji wameomba tusiwanunulie magogo. Mpingo una vibali vyake, unakatwa kwa kibali na unasafirishwa kwa hati, na wao wana njia zao halali. Wanachotaka kwetu ni jiwe la kunolea, tenki la maji, na mtu wa kuwaandikia bei ili mgeni asiwakute kila mmoja na yake.

Machi 1

Bibi aliyegoma kupita mlango amekuja kutazama uwanja. Alikaa kibandani, akaona benchi la mninga ambalo wachongaji walikuwa wameliegemeza mtini wakilitamani kwa macho, maana ni mninga wa zamani, mkavu, usio na ufa.

"Hilo benchi mnalipeleka wapi?"

Nikamwambia, Shikamoo Bibi, bado hatujaamua.

"Nimelikalia siku tatu, mjukuu wangu, nikidai talaka. Bwana alikaa kule mwisho, mimi huku. Siku ya tatu nikapata." Akapapasa mbao upande wa kushoto, pale alipokaa. "Lilete huku duarani. Nitatazamia ngoma hapa."

Kumbe sote tulikuwa tumekosea sababu yake ya kugoma. Anasema ukumbi ule una joto, na hakimu alikuwa anatema mate.

Benchi limewekwa duarani, miguu imepakwa oili chafu ili mchwa wasipande. Wachongaji wameambiwa.

Aprili 12

Mvua zinaisha. Babu ameonja chokaa ya shimoni kwa vidole, ameikamua kama jibini, akasema imeiva. Miezi tisa! Angekuja na habari hiyo mwaka jana Juni tungemfukuza.

Mchanganyiko ni karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga. Mchanga ni wa mtoni, wa ufukweni una chumvi na chumvi ndiyo adui aliyetuingiza kwenye hasara. Kwanza mashimo yamejazwa kwa vijiwe vya matumbawe vilivyoanguka, kisha tabaka jembamba, halizidi unene wa kidole. Linasubiri, linakwaruzwa, linapigwa la pili. Vijana wanne wanajifunza, wawili wao ni wasichana, na Babu amesema mmoja wa hao wasichana mkono wake unasikia ukuta. Fundi wetu wa kwanza, yule wa siku nne, naye amekuja kutazama. Siku ya pili alikuja na mwiko wake. Hakuna aliyemwambia neno, akapewa karai.

Aprili 26

Ukuta umekamilika kwa tabaka mbili, bado la tatu la kung'arishia. Si laini kama yai, una mawimbi kidogo ukiutazama jua la jioni. Nimeugonga, umenyamaza.

Madeni: maikrofoni, nauli ya mchanga safari mbili, na rangi ya milango. Umeme bado, tumeomba. Choo kimefika lenta. Ngoma ya kwanza ya wazi tumeipanga Juni baada ya shule kufungwa, kiongozi wa ngoma ndiye atakayetaja siku.

Kwa sasa lipu haitakiwi kukauka haraka, la sivyo itapasuka. Magunia yanaloweshwa na kutundikwa, asubuhi kabla ya saa moja na jioni baada ya saa kumi na moja. Zamu ya kesho asubuhi ni yangu.